Wapare walipiga kambi Same kudai sauti. Baraza la leo limebakiwa na sauti tu

Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milima ya Upare, wakafika Same penye boma la mkuu wa wilaya wa Kiingereza, wakaketi. Hawakushika silaha wala hawakuchoma nyumba ya mtu. Walikaa majuma kwa majuma wakisubiri jibu la jambo moja: kodi iliyoitwa mbiru, iliyopangwa bila wao kuulizwa.

Naanza na kambi ile kwa sababu kila watu wanapoijadili Halmashauri ya Wilaya ya Same, au jirani yake Mwanga, mazungumzo huanzia kwenye uchaguzi uliopita. Nani kapata udiwani, nani kakatwa kwenye kura za maoni, nani anaunyemelea uenyekiti. Hayo yana nafasi yake. Lakini baraza la madiwani lina ukoo wake, na ukoo wa hili la Upare unaanzia kwenye ugomvi wa kodi. Ukijua lilikotoka, utaona upesi limepungukiwa nini.

Waingereza walipotunga Sheria ya Mamlaka za Wenyeji mwaka 1926, gavana akiwa Donald Cameron, waliwakabidhi watawala wa jadi kazi ya kukusanya kodi, kuamua kesi na kutunza hazina ndogo ya wenyeji. Upare ilikuwa na himaya tisa, kuanzia Ugweno na Usangi upande wa kaskazini hadi Mbaga, Mamba na Gonja kusini. Wafumwa, yaani watawala wa jadi wa himaya hizo, ndio waliokuwa baraza. Wajumbe wote watawala, na juu yao ofisa wa kikoloni mwenye neno la mwisho. Mkulima wa Chome au Hedaru hakuwa na kiti wala mtu wa kumsemea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 hazina ilitaka fedha zaidi. Juu ya kodi ya kichwa, ambayo kila mwanamume aliilipa kwa kiwango kimoja, ikaongezwa kodi ya pili iliyopanda na kushuka kulingana na mali ya mtu. Ikapewa jina la mbiru, jina la kale la ada ambayo watu walimpelekea mfumwa, kwa matumaini kwamba jina la nyumbani lingeilainisha. Haikulainika. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kabisa: mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho apunguziwe. Mlangoni kwa mtu ilikuwa vingine. Mkadiriaji anafika, anatazama ng'ombe, anatazama kahawa, anatazama shamba, anaandika tarakimu, anaondoka. Kipimo chake kakipata wapi? Ukiona umeonewa, unakata rufaa kwa nani, kwa mfumwa yule yule aliyemtuma?

Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa siku zote. Walichokataa ni kukadiriwa na mtu wasiyeweza kumuuliza swali. Ndiyo maana serikali ya kikoloni ilishindwa kuwaelewa kwa muda mrefu. Ilidhani inagombana na wakwepaji kodi, kumbe inagombana na watu wanaotaka kuhesabiwa kama watu.

Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakatoka. Waume zao walikuwa wamekaa mbali na nyumba kwa muda mrefu kwa ajili ya mgogoro huo, na kazi zote za shamba na familia zikabaki mabegani mwao. Walimwendea ofisa wa kikoloni aliyekuja kuzungumza na watawala, wakamtaka aumalize ugomvi ili wanaume warudi, la sivyo awachukue wao wote awe mume wao. Hadithi hiyo husimuliwa kwa kicheko hadi leo, na mimi naona kicheko kinaficha uzito wake. Wanawake ambao hawakuwa na kiti barazani, wala hawakuorodheshwa kwenye kodi ile, waliona kwamba uamuzi wa baraza umeingia ndani ya nyumba zao, wakaenda kudai jibu.

Kufikia 1947 mbiru iliondolewa, na mabaraza ya Upare yakaanza kupokea wajumbe wasio wa koo za kitawala. Naomba msomaji alishike hilo. Uwakilishi wa mwananchi wa kawaida katika baraza la Upare haukuletwa na mtaalamu kutoka nje wala haukuwa zawadi ya gavana. Uliletwa na watu waliokaa chini, wakaumwa na mbu na baridi ya usiku wa Same, wakakataa kuondoka.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 ilifungua njia ya kuwa na halmashauri za wilaya za kuchaguliwa. Kwa majirani zetu Wachagga mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Walikuwa wamemsimika Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952, na mwaka 1960 wakapiga kura wenyewe ya kuachana na umangi mkuu, wakamweka Solomon Eliufoo kuwa rais wa kuchaguliwa wa Wachagga. Haikuchukua muda uhuru ukafika, na utawala wa machifu ukafutwa nchi nzima. Halmashauri za wilaya zikabaki peke yake uwanjani.

Zilikuwa dhaifu, tusizipambe. Zilibebeshwa shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini bila mafundi wala wahasibu wa kutosha, na nyingine zilikula fedha. Serikali Kuu ilianza kuzivua vyanzo vya mapato mwishoni mwa miaka ya 1960, kodi ya kichwa ikiwa miongoni mwake. Ukishamvua mtu mfuko, kumwambia hana uwezo ni rahisi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa.

Jina la mpango ulioziua lilikuwa Madaraka Mikoani. Kwa maneno, madaraka yalikuwa yanatolewa Dar es Salaam kupelekwa kwa wananchi. Kwa vitendo, walitumwa maofisa wa Serikali Kuu kwenda mikoani na wilayani, akiwamo mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya, na wao ndio waliopanga na kutumia. Wawakilishi wa wananchi walibaki na kamati za kushauri. Sina shaka na nia ya Mwalimu Nyerere. Alitaka huduma zifike vijijini haraka, na aliona halmashauri zinachelewesha. Lakini mwaka 1984, akihojiwa, alitaja mambo mawili ambayo asingeyafanya tena kama angeanza upya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Viongozi wangapi wa bara hili wamewahi kukiri hivyo wakiwa bado Ikulu? Nasikitika tu kwamba kukiri huko tunakunukuu sana kwenye makongamano, kisha tunarudi ofisini kurudia kosa lile lile kidogo kidogo.

Kwa Upare kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo halisemwi. Wilaya ya Pare iligawanywa mwaka 1979, upande wa kaskazini ukawa Wilaya ya Mwanga, kusini ikabaki Same. Huo ulikuwa katikati ya kipindi ambacho hakukuwa na halmashauri ya wilaya ya kuchaguliwa hata moja nchini. Inawezekana mgawanyo ulikuwa wa lazima. Milima ni mirefu, na mtu wa Ugweno kuteremka hadi Same kutafuta saini ilikuwa safari. Lakini nchi ya Wapare ilikatwa pande mbili bila kuwapo baraza la wilaya ambamo jambo hilo lingejadiliwa na wajumbe wenye kura za watu. Halmashauri ziliporudi, kwa Sheria Na. 7 ya 1982 iliyoanza kufanya kazi mwaka 1984, Upare ilijikuta na mbili.

Katiba nayo ikarekebishwa. Ibara ya 145 na ya 146 zinasema kila wilaya itakuwa na chombo cha serikali za mitaa, na kwamba madhumuni ya vyombo hivyo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Neno ni lile lile la 1972. Safari hii limeandikwa ndani ya Katiba.

Baraza lenyewe limeundwaje? Wajumbe wake ni madiwani waliochaguliwa kwenye kata, madiwani wanawake wa viti maalum wasiopungua theluthi moja ya wajumbe wa kuchaguliwa, na wabunge wa majimbo yaliyomo wilayani. Same ina majimbo mawili, Same Magharibi na Same Mashariki. Mwanga ni jimbo moja. Madiwani huchagua mwenyekiti kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi Mtendaji ndiye katibu wa baraza, na wakuu wa idara hukaa nyuma yake kujibu hoja. Baraza hukutana kila robo mwaka, na kabla ya hapo kamati za kudumu, ile ya fedha, uongozi na mipango, ile ya elimu, afya na maji, na ile ya uchumi, ujenzi na mazingira, huwa zimeshapitia taarifa. Chini yake kuna kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, kisha halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana haki ya kusimama na kusema.

Ukiulinganisha muundo huu na baraza la wafumwa tisa, tumetoka mbali. Mkulima ana mtu wa kumsemea kwenye kata, mwanamke ana viti vilivyolindwa na sheria, kijiji kina mkutano. Wazee wa 1945 wangeutazama na kusema wamepata walichokidai.

Wangesema hivyo mpaka waulize maswali mawili. Huyu katibu anayetekeleza maazimio yetu anawajibika kwa nani? Na fedha inaamuliwa wapi?

Kwanza katibu. Sera ya mageuzi ya serikali za mitaa ya mwaka 1998 ilitamka wazi kwamba halmashauri ndizo zitakazoajiri watumishi wao, mkurugenzi akiwemo. Ilikuwa ahadi kubwa. Sheria za utumishi wa umma zilizofuata kuanzia 2002 zikairudisha kalamu ya ajira Serikali Kuu, na siku hizi mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Uteuzi unatangazwa usiku kwa taarifa ya Ikulu, uhamisho nao hivyo hivyo. Baraza linampokea mkurugenzi kama familia inavyompokea mgeni aliyeletwa na serikali: karibu, haya ndiyo mazingira yetu. Likimchoka, linaweza kupiga kelele, linaweza hata kupitisha azimio la kumkataa, kisha linasubiri wakubwa waamue. Mtumishi ana akili. Anajua tathmini yake inaandikwa wapi, na huko ndiko anakotazama.

Jambo hili liliwahi kufika mahakamani kwa mlango mwingine. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri la Bob Chacha Wangwe, iliamua kwamba wakurugenzi wasisimamie uchaguzi, kwa hoja kwamba wanateuliwa na Rais ambaye naye ana chama na baadhi yao walikuwa makada. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mjadala wote ulikuwa juu ya kura. Nilitamani mtu aulize swali la pili lililokuwa limelala pale pale: kama uteuzi wake unamfanya atiliwe shaka kwa siku moja ya uchaguzi, vipi kuhusu siku nyingine zote za miaka mitano anapokuwa katibu wa baraza?

Swali la fedha ni pana zaidi, na nitalitazama kwa ushuru wa mazao kwa sababu ndio mjukuu wa mbiru. Tangawizi ya Mamba Myamba, mpunga wa Ndungu na maharage ya milimani vikiuzwa, mnunuzi anatozwa ushuru wa halmashauri. Kijana wa ushuru anakaa kwenye geti na mashine yake ya POS, karatasi inatoka, fedha inaingia kwenye akaunti ya halmashauri. Kiwango kiliwahi kuwa asilimia 5. Mwaka 2017 kikashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima alipata nafuu, nami niliifurahia nafuu ile. Nimeona akina mama wakisumbuliwa getini kwa magunia mawili. Lakini uamuzi ulitoka bungeni Dodoma, ndani ya bajeti ya taifa. Hakuna baraza la madiwani lililokaa likasema sisi huku tushushe, au sisi huku tubakize kwa sababu tunajenga soko. Kodi ya maendeleo ilifutwa kwa mtindo huo mwaka 2003. Kodi ya majengo nayo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, baadaye ikaanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU.

Matokeo yake ni kwamba halmashauri ya vijijini inaishi kwa fedha za Hazina. Mishahara ya walimu na wauguzi inatoka huko, sehemu kubwa ya miradi inatoka huko, na inakuja ikiwa na jina na maelekezo: hii ya madarasa, hii ya kituo cha afya, isitumike vinginevyo. Bajeti ambayo madiwani wanaipitisha mwanzoni mwa mwaka imeandaliwa ndani ya ukomo waliopewa. Wanachokichagua kwa hiari yao ni mapato ya ndani, na hapo pia asilimia 10 imeshapangiwa kazi na sheria: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Mikopo hiyo ya asilimia 10 naiunga mkono kwa moyo wote. Inawafikia watu ambao benki haiwajui. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliisimamisha nchi nzima, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipika, na ilichukua zaidi ya mwaka kabla utoaji haujaanza upya mwaka 2024. Wizi ulikuwapo, sitautetea. Ila tazama jinsi dawa ilivyotolewa. Fedha iliyokusanywa getini Same, kwa mnunuzi wa tangawizi ya Same, kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa Same, ilifungiwa kwa tamko moja pamoja na ya halmashauri zote, waliokula na wasiokula. Baraza la madiwani halikupewa hata nafasi ya kusema: sisi kwetu vikundi viko, njooni mhesabu.

Kisha kuna jambo ambalo limebadilisha kazi ya diwani kuliko yote haya. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilitolewa mikononi mwa halmashauri zikapewa wakala wa Serikali Kuu, TARURA. Mwaka 2019 maji ya vijijini yakapewa wakala mwingine, RUWASA. Hoja za kitaalamu zilikuwepo na zilikuwa nzito: wahandisi wachache walitawanyika kila halmashauri, fedha za barabara zilipotelea kwenye mambo mengine, visima vilichimbwa na kufa. Barabara kadhaa zimepata nafuu, na kwa maji Upare imepata kitu ambacho halmashauri isingeweza peke yake: mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe unaovuta maji kutoka Nyumba ya Mungu, uliozinduliwa Machi 2025 baada ya wananchi kusubiri miaka mingi mno. Mradi wa namna hiyo ni kazi ya taifa na sina ugomvi nao.

Lakini muulize diwani yeyote anaulizwa nini akishuka kwenye bodaboda kijijini. Barabara na maji. Basi. Mambo mawili ambayo watu walimpigia kura kwa ajili yake yako kwenye taasisi ambazo baraza lake haliziajiri, haliwezi kuzinyima bajeti wala kumwondoa meneja wake. Meneja anaalikwa kikaoni, anakuja kwa hisani au anamtuma msaidizi, anasoma taarifa. Diwani anarudi kwenye mkutano wa kijiji kusema "wameahidi".

Niliwahi kuketi kwenye viti vya wananchi katika kikao cha baraza, halmashauri siitaji kwa kuwa niliyoyaona hayakuwa ya kwao pekee. Ukumbi mdogo, feni mbili, madiwani wenye joho za kijani zilizoanza kupauka mabegani. Kabrasha liligawiwa asubuhi ile ile, zito kama tofali, na diwani mmoja mzee aliyekaa mbele yangu akawa analifungua kwa kulowesha kidole, akitafuta kata yake. Diwani mwanamke akasimama. Wananchi wake walikuwa wamejenga boma la zahanati kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakabeba mawe na mchanga, wakafikisha linta. Aliambiwa fedha ya kupaua ingekuja. Akataja robo ya kwanza aliyouliza, akataja ya pili, akataja ya tatu. "Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "mvua ya pili inalinyeshea sasa." Mwenyekiti akamgeukia mtaalamu. Mtaalamu akajibu kwa upole kwamba fedha haijaingia na hoja imechukuliwa. Mwenyekiti akasema tuendelee. Yule mama alibaki amesimama kidogo, kipaza sauti mkononi, kisha akakaa.

Hakuna mtu aliyemkosea adabu, na kanuni zote zilifuatwa. Ndilo linaloniuma. Kila kilichodaiwa mwaka 1945 kilikuwapo ukumbini: mjumbe wa kuchaguliwa, haki ya kuuliza, jibu mbele ya watu. Na boma likaendelea kunyeshewa.

Neno msaragambo nimelitumia makusudi. Kabla ya boma na kabla ya Hazina, Wapare walikuwa na ndiva, mabwawa madogo ya kukinga maji ya chemchemi usiku ili mchana yafunguliwe kwenye mifereji ya mashamba. Ndiva ilikuwa na watu wake wa kuisimamia, zamu za maji zilijulikana, na siku ya kuzibua kila mtu alitoka. Aliyetega msaragambo aliijua adhabu yake. Waliopanga zamu, waliofanya kazi na waliokunywa maji walikuwa watu wale wale, na msimamizi aliyependelea alionwa na macho yote siku ile ile. Sisemi turudi kwenye ndiva ili tuendeshe hospitali ya wilaya. Nasema watu wa milima hii wanajua kuwajibishana, walikuwa nao ujuzi huo kabla hatujawaandalia semina.

Wapo watakaonijibu kwamba nikiwapa madiwani nguvu juu ya mkurugenzi, watamfukuza kila anayekataa kuwagawia zabuni. Hofu hiyo ina msingi. Wapo madiwani ambao ni wakandarasi kwa majina ya shemeji zao, na wapo wakurugenzi waaminifu waliosalimika kwa sababu tu teuzi zao hazikuwa mikononi mwa baraza. Siwezi kulifumbia macho hilo. Lakini kinga dhidi ya diwani mwizi haiwezi kuwa kumnyang'anya kazi diwani mwadilifu pia. Nafasi ya mkurugenzi itangazwe, watu waombe, wasailiwe na chombo huru, na baraza lithibitishe jina kwa kura. Likitaka kumwondoa, iwe kwa theluthi mbili, kwenye kikao cha wazi, kwa sababu zilizoandikwa na zenye mguu kwenye taarifa ya ukaguzi. Zabuni zibaki mbali na madiwani kama zilivyo sasa. Mameneja wa barabara na maji wa wilaya wawe na wajibu wa kisheria wa kuwasilisha mpango wao wa mwaka barazani kabla haujapelekwa juu, na baraza liwe na uwezo wa kuurudisha mara moja ukarekebishwe. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kubadili Katiba; Katiba imeshasema madaraka ni ya wananchi.

Nina neno pia juu ya viti maalum, kwa sababu ya wale wanawake wa Usangi. Diwani wa viti maalum ana kura barazani, anakaa kwenye kamati, lakini hana kata. Kamati ya maendeleo ya kata mwenyekiti wake ni diwani wa kuchaguliwa. Akitaka kusukuma jambo, anapita kwa mwenzake mwenye kata, na kiti chake kinategemea orodha ya chama. Katika baraza ambalo karibu wajumbe wote ni wa chama kimoja, kama yalivyo mengi tangu 2020, mtu ambaye kiti chake kimetoka kwenye orodha anafikiri mara mbili kabla ya kuuliza robo ya tatu mfululizo. Same imewahi kuonja siasa za aina nyingine: mwaka 2015 jimbo la Same Mashariki lilichukuliwa na Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA, mwanamke, ambaye aliongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na Anne Kilango Malecela wa CCM amelishika kabla na baada yake. Kwa hiyo hoja kwamba wanawake wa Upare wanahitaji kubebwa ili washinde haina nguvu huku. Wanaweza kata. Vyama viwape kata.

Na kuna jambo dogo ambalo halihitaji sheria mpya wala waziri. Kabrasha la baraza ni waraka wa umma. Libandikwe kwenye ofisi za kata juma moja kabla ya kikao, kurasa za kata husika kwa kata husika, lugha yake iwe ile ya watu, na mbele ya kila mradi iandikwe fedha iliyoombwa, fedha iliyoingia na tarehe iliyoingia. Mtendaji wa kata ana ubao, gundi ipo. Wale waliobeba mawe ya zahanati wausome ukurasa wao kabla diwani wao hajapanda gari kwenda wilayani, na wamwambie cha kusema robo ya nne.